Kinu Kitupu Mlangoni

Kwanza ulikuja mlio. Tu. Tu. Tu. Mti juu ya mti, mkavu, bila kitu katikati. Aliyekulia kwetu anaijua sauti ya mchi unapoangukia muhogo: ni sauti nzito, ina unga ndani yake, na inalainika kadiri kazi inavyosonga. Hii haikulainika. Nilikuwa bado nimelala, macho nimeyafumba, na kabla sijaona chochote nilijua kwamba ndani ya kinu hamna kitu, kwamba anayetwanga ni mama mkwe wangu, na kwamba anayetwangwa ni mimi.

Nilipofumbua macho nilimwona. Mlango wetu ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi siku zote, naye alikuwa amekiweka kinu palepale kizingitini, miguu ameipanua, kitenge amekikaza kiunoni, umande ungali kwenye michikichi nyuma yake. Hakunitazama. Alitazama ndani ya kinu kama mtu anayechungulia kisima kilichokauka. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani kando yangu, mgongo umebana ukuta, jasho linamshuka shingoni.

Ilikuwa desturi ya wanawake wa ukoo wa mama mkwe, kule rasi ya Ubwari alikozaliwa. Bibi arusi akipitisha misimu miwili bila mimba, mama wa mume anakuja kutwanga kinu kitupu mlangoni pake alfajiri, kila alfajiri, mpaka tumbo lijae au bibi arusi afunge mizigo. Matusi hayahitajiki, kinu kinasema. Lakini mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuuachia mti kazi ya ulimi.

Katika Baraka ya miaka ile, mji wetu wa kando ya ziwa, katikati ya vita ya pili ya nchi yetu, muhogo ulikuwa unaozea mashambani kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuung'oa. Kwa hiyo asubuhi za mwanzo majirani waliposikia mchi walikuja mbio na mabakuli, wakidhani kuna nyumba yenye unga.

"Mama, utupunguzie kidogo," jirani mmoja alisema, akachungulia kinuni. "Eh! Bunga iko wapi?"

"Muulize ule iko ndani," mama mkwe akamjibu. "Mi natwanga tumbo yake. Siku itatoa kitu, nitakuita na bakuli yako."

Wakacheka. Njaa haikuwazuia kucheka. Kuna mambo mengi ya vita niliyoyasamehe, au niliyochoka kuyachukia. Mabakuli yale yaliyoondoka yakitikisika kwa kicheko sijayasamehe.

Mimi nilitoka Kilembwe, bara, kwa watu wa mashamba. Nilikuwa na diploma ya sekondari na riwaya chache za Kifaransa zilizopoteza majalada, na kwa watu wa ziwani vyote hivyo vilikuwa ushahidi dhidi yangu. "Mutu ya karatasi," mama mkwe aliniita. "Tumbo yake imejaa alfabeti." Yeye alikuwa amezika watoto. Wengine walivuka ziwa kwenda kwenye kambi za Tanzania wakanyamaza. Aliyebaki karibu na mkono wake alikuwa mmoja tu, mume wangu. Najua hayo. Niliyajua hata wakati ule, na hayakunipunguzia kitu.

Mume wangu alikuwa fundi wa taa za wavuvi, zile taa za kupampu ambazo wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, huzitundika mbele ya mitumbwi ili samaki wapande juu kuufuata mwanga. Ndani ya kila taa kuna kifuko kidogo cha kitambaa. Ukikiwasha mara ya kwanza kinaungua na kuwa jivu, lakini jivu hilo linabaki limesimama, na ndilo linalotoa ule mwanga mweupe. Ukiligusa, limekwisha. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Mwanamume mwenye mabega yale, anashika jivu bila kulivunja. Nilipomwona mara ya kwanza sokoni ameinamia taa, pumzi ameizuia, niliamua palepale, kabla hajainua uso, kwamba Kilembwe sitarudi kuolewa.

Kisha wenye bunduki walimchukua. Sisemi walikuwa wa upande gani. Kwetu pande zilibadilishana sare kama ndugu wanavyoazimana shati, na mzigo waliowabebesha watu ulikuwa uleule. Walimkamata barabarani akirudi kutoka kijiji cha Swima na kisanduku chake cha vifaa, wakamtwisha risasi mpaka milimani. Huko waliwafungia wabebaji katika darasa la shule lililozibwa madirisha. Kila mlango ulipofunguliwa, mtu mmoja aliitwa jina, akatoka, mlango ukafungwa. Waliobaki walisikiliza mlio mmoja wa nje. Hakunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumuuliza zaidi.

Alirudi mvua zilipoanza, miguu imevimba, kisanduku hana. Tangu siku hiyo mlango wetu haukufungwa. Aliuwekea jiwe. Mvua iliingia, kuku wa watu waliingia, mlio wa kinu uliingia. Upepo ukiuchomoa ule mlango kwenye jiwe na kuufunga, aliruka kutoka popote alipokuwa, hata tonge likiwa mdomoni, akaufungua na kusimama pale akihema. Na mikono yake ilitetemeka. Wavuvi waliokuwa bado na taa walimletea. Akaweka kifuko kipya, akakiwasha, na kabla hajarudisha kioo jivu lilikuwa limemwagika chini. Wakaacha kumletea.

Alikuwa ananigusa bado. Nasema hili kwa sababu majirani walisema vingine. Alinigusa kama mtu anayejificha, sikio lake likiwa njiani, na miezi ikapita, na tumbo langu likabaki kama lilivyotoka Kilembwe.

Nilikwenda hospitali bila kumwomba mtu ruhusa. Daktari alikuwa mwanamke kutoka Bukavu, mkali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipima, akaniuliza maswali yake bila haya, akatupa glavu kwenye ndoo.

"We iko muzima, kwa vile mi naweza kuona. Bwana iko wapi?"

"Iko nyumbani, daktari."

"Kila siku bamama tu njo banakuja. Mabwana biko ku nyumba. Mbegu inatoka kwa nani, kwa Roho Mutakatifu?"

Akanipa kichupa cha pinisilini kilichochemshwa, chenye kifuniko cha mpira. Mume wangu aje atoe mbegu pale hospitali, au atoe nyumbani na iletwe haraka. "Na isiharibike," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilidhani vita ingekuwa kumshawishi. Hapana, alikubali upesi, kwa aibu ya mtu anayetaka kumaliza. Alikwenda. Wakamwonyesha choo cha uani. Ukutani waliketi askari wakimsubiri mwenzao aliyejeruhiwa, bunduki magotini. Akaingia, akatoka, akarudi nyumbani na kichupa kikavu.

"Mule mlango inafungwa," aliniambia. Hayo tu.

Kwa hiyo ilibidi ifanyike nyumbani, na hapa lilifanyika kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wa ziwani peke yao. Siku hiyo mimi nilikuwa mtoni nikifua. Daktari alisema isiharibike. Mtu wa Baraka anajua namna ya kuzuia kitu kibichi kisiharibike kwenye joto la pwani yetu: anakizungushia majani mabichi ya mgomba, anakilowesha maji ya ziwa, anakibeba upande wa kivuli, na akifika kwenye kijito analowesha tena. Ndivyo mama yake alivyobeba mikeke, samaki wa ziwa letu, kwenda sokoni maisha yake yote, ndivyo alivyomfundisha mwanawe. Mume wangu alikifunga kichupa ndani ya majani, akakilowesha, akakipeleka hospitali kwa upole wote aliokuwa amebakiwa nao. Kilifika baridi kama samaki.

Niliporudi na nguo mbichi kichwani nilimkuta ameketi, anautazama mlango.

"Zote zimekufa," alisema. "Ameangalia mu mashini yake. Hakuna hata moja inatembea."

Nililia, kisha nikaanza kuuliza, kwa sababu kulia hakukunitosha. Alipofika kwenye majani ya mgomba niliacha nguo zikiwa kwenye beseni na kwenda kumtafuta yule daktari. Nilimkuta anakula ndizi amesimama.

"Alileta nini?" akauliza. "Mu majani? Na maji?" Akacheka mpaka akaweka ganda chini. "Mama, mbegu haiko mikeke! Ile inataka joto ya mwili. Ukiipa baridi inazimika. Na mi mwenyewe sikusema. Ngojeni siku kidogo, mulete ingine. Ubebe mu kifua chako."

Mara ya pili nilibeba mimi. Kichupa kilikaa katikati ya matiti yangu, chini ya kitenge, na nilitembea haraka kama mtu anayewahi maziko. Kabla ya hospitali kulikuwa na bariyeri, mti umelazwa juu ya madebe mawili, na askari wawili wenye uvivu wa saa tano ya asubuhi.

"Ee, mama, simama. Iko nini mu kifua?"

"Maziwa," mwenzake akamjibia. Wakacheka.

"Mi naona kitu ngumu. Toa."

Nilikitoa. Akakiinua juani, akakitikisa.

"Dawa?"

"Hapana, shefu."

"Kama iko dawa ya macho, macho yangu inaniuma."

Nilikuwa nimeandaa uongo. Niliufikiria njiani, uongo mzuri wenye ugonjwa wa kuambukiza ndani yake. Lakini kichupa kilikuwa kinapoa kwenye vidole vyake vichafu, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Walikwishachukua kisanduku, wakachukua mikono isiyotetemeka, wakachukua mlango wa nyumba yangu. Sasa walishika na hiki.

"Ni mbegu ya bwana yangu," nikasema. "Napeleka ipimwe. Ushike muzuri, shefu, iko na joto yake bado."

Alinirudishia upesi hata nusura kianguke, akaanza kufuta mkono kwenye suruali. Mwenzake alilala kabisa juu ya mti wa bariyeri kwa kucheka. "Pita! Pita na buchafu yako!" Nikapita. Nyuma yangu nilimsikia yule mwingine: "Umeishika, baba! Sasa umeolewa!"

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niweke jicho langu. Niliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vidogo vyenye mikia, vichache, vikizunguka palepale bila kwenda mbele, kama ndagala waliosalia chini ya karai wakati maji yameshamwagwa. Kimoja kilijitupa, kikatulia, kikajitupa tena. Nilitamani kukisukuma kwa kidole.

"Biko hai," daktari alisema. "Bichache, na bimechoka. Lakini hai."

Akaniketisha, akanieleza. Alieleza kwa ukali, kama anayemkaripia mtu asiyekuwapo. Mwili wa mtu ukiogopa, alisema, unatoa homoni. Ile kubwa inaitwa kotizoli. Haina ubaya ikija na kuondoka, maana ndiyo inayomkimbiza mtu asiuawe. Lakini mtu akiogopa asubuhi, akaogopa mchana, akalala akiogopa, homoni hiyo haiondoki. Inakaa ndani ya damu, na kutoka kwenye damu inapita kwenye majimaji yote ya mwili: mate, jasho, na yale maji ambamo mbegu ya mwanamume inaogelea. Ubongo nao, ukiona hatari haiishi, unaacha kuzituma zile amri za kutengeneza mbegu. Mwili unasema, huu si wakati wa kuzaa, huu ni wakati wa kukimbia.

"Siwezi kuipima hapa," akasema. "Hapa nina taa na kioo tu. Siwezi kukuapia kama njo sababu. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa njaa. Lakini umeniambia juu ya mlango na juu ya mikono. Mi nasema iko ndani."

"Na mimi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Na we vilevile. Mwanamke iko na maji yake, kule yai inakomalia. Ile homoni inaingia na mule. Nani anakuogopesha?"

Nikafikiria kinu. Niliona mlio ule ukishuka kupitia sikio, ukiingia katika damu, ukichujika tone kwa tone mpaka kwenye yai langu, na kwa upande wa pili wa kitanda ukishuka vilevile mpaka kwenye vile vimkia vinavyozunguka palepale. Mwanamke yule alikuwa anautwanga ukoo wake mwenyewe. Kila alfajiri alikuja kumwita mjukuu kwa sauti ileile iliyomfukuza.

Daktari hakuwa na kidonge. Mbegu mpya, alisema, inachukua karibu miezi mitatu kutengenezeka. Katika miezi hiyo mume wangu alale, ale anachopata, asiguse pombe ya lotoko, na nyumba iwe kimya. Kisha turudi. "Kimya," akarudia, akauinua mkono kuelekea dirishani, kuelekea bariyeri na milima na yote yaliyokuwamo, kisha akauangusha.

Wapo wanaoniuliza, nikisimulia, kama baadaye tulizaa. Huwa siwajibu. Swali hilo nililisikia kwanza kutoka kwenye mchi.

Miezi mitatu hatukuwa nayo. Mama mkwe alikuwa ameshaita kikao, Jumapili baada ya ibada. Huko Swima kulikuwa na binti ambaye alishazaa mara moja kwa mwanamume aliyekimbia, kwa hiyo kizazi chake kilijulikana. Angeletwa yeye. Mimi ningerudishwa Kilembwe, kwa barabara ambayo wakati ule wanawake waliingia nayo msituni na majina yao yakabaki kwa mama zao. Nilimweleza mume wangu yote aliyosema daktari, tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba, nikichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Ubaambie siku ya kikao," nikasema.

"Nibaambie nini? Kama naogopa?"

"Kama mwili yako imechoka. Daktari amesema..."

"Daktari ni wa Bukavu. Hapa hakuna homoni. Hapa kuna mwanaume na kuna mwoga. Baba mukubwa atacheka mpaka meno imuume." Alichukua jani la sombe, akalikunja, akalikunjua. "Heri baseme nimelogwa. Mutu wa kulogwa batu banamuhurumia."

"Heri baseme mi ni tasa. Njo unataka kusema."

Alilitupa lile jani. Nilimtazama, mtu yule niliyemchagua kwa sababu alijua kushika jivu, na nilimchukia kwa moyo wote, na mikono yangu ikaendelea kuchambua majani kwa ajili ya chakula chake.

Jumapili walikuja: baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, amevaa koti la ibada, na wazee wawili wa ukoo waliokuja kwa ajili ya kula. Mama mkwe aliketi karibu na mlango ulio wazi. Mume wangu aliketi mezani akiuelekea mlango huo huo. Mimi niligawa sombe na bukari, ugali wetu, kidogo niliyoipata, nikakaa chini kwenye mkeka.

Baba mkubwa alikula kwanza. Kisha akafuta vidole.

"Mukwe, hatukufukuzi. Tunakurudisha kwa baba yako, na heshima."

"Barabara ya Kilembwe iko na vita, baba."

"Batu ya zahabu ya Misisi banapita kila juma. Utabafuata."

"Na nikikamatwa?"

"Mungu iko," alisema mzee mmoja, akijichotea sombe.

"Mi niko muzima," nikasema. "Nimepimwa. Mumuulize mutoto yenu."

Mama mkwe aligeuka polepole. "Mumusikie! Amekula bukari ya mutoto yangu, sasa anasema mutoto yangu njo mugonjwa. Mi nilizala batoto, nikabazala mu mitumbwi, nikabazala mu pori, hakuna moja alitoka mbovu. We umezala nini? Usingizi!"

"Mumuulize," nikarudia.

Wote wakamtazama. Yeye alitazama mlango. Nilihesabu moyoni mwangu yale maneno machache aliyokuwa akihitaji kuyatamka, na nikaona midomo yake ikifunguka na kufungika. Baba mkubwa akaguna, kama mtu aliyemaliza kesi.

Hapo mama mkwe alinyanyuka. Alitoka nje, akarudi ameinama, akikiviringisha kinu sakafuni mpaka katikati ya chumba, mbele ya miguu yangu. Akakisimamisha. Akautwaa mchi.

"Baba yake mukubwa hajasikia bado," alisema. "Tumusikilizishe vile tumbo ya huyu mwanamuke inalia."

Tu.

Ndani ya nyumba mlio ulikuwa mwingine. Bati liliudaka na kuurudisha chini ukiwa mkubwa mara kadhaa. Sahani ilivunjika. Kiti cha mume wangu kilikuwa kimelala ubavu, naye alikuwa chini ya meza, magoti yamegusa kidevu, mikono miwili imefunika kichwa. Mama mkwe alikuwa amempa mgongo, hakuona. Akapiga tena. Kutoka chini ya meza ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtu mzima, nyembamba, ndefu, haina neno ndani yake.

Mchi ukabaki juu hewani.

"We!" baba mkubwa akacheka. "Inuka! Ni kinu ya mama yako!" Akawatazama wazee ili nao wacheke. Hawakucheka. Mmoja alikuwa ameacha kutafuna. Kicheko cha baba mkubwa kiliendelea peke yake kidogo, kisha kikaishia.

Mume wangu alitoka chini ya meza taratibu, akishikilia mguu wa meza kama mtu anayetoka majini. Sombe lilikuwa limemchafua shati.

"Mama," akasema. "Kila asubuhi."

"Nini kila asubuhi?"

"Kila asubuhi unaniua. Unafikiri unamupiga ye. Mi njo niko nasikia."

"Mwanaume muzima, unaogopa kinu?"

"Naogopa." Alisema, kisha akasimama kidogo, kana kwamba anasikiliza kama dari itaanguka. "Naogopa kinu. Naogopa mlango. Naogopa viatu ya mutu njiani. Daktari ameangalia mu mbegu yangu, woga imefika mpaka mule. Ye iko muzima. Mi njo iko hivi. Sasa mumejua bote."

"Funga kinywa!" Baba mkubwa alikuwa amesimama. "Neno hiyo haisemwi mbele ya wanawake."

"Nimeshaisema, baba."

Akakiinamia kinu, akakikumbatia kwa mikono ile inayotetemeka, akakibeba nje, akakitua uani na kurudi. Alisimama kando ya mlango.

"Muende," akasema.

Wazee walipita kwanza, wakitazama chini. Baba mkubwa alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Usinitafute siku ya shida yako," akasema, akatoka. Mama mkwe hakusogea. Alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaitazama mikono yake. Nilidhani atasema kitu kingine. Nilitaka aseme kitu kingine, ili nipate mahali pa kuuweka chini uchungu wangu. Kisha akanigeukia mimi.

"Umekula mutoto yangu," akasema.

"Iko hapa, mama," nikamjibu. "Nimekuta amekwisha kuliwa."

Akautupa mchi begani, akavuka kizingiti, mgongo umenyooka. Mume wangu alilisukuma lile jiwe kwa mguu. Lilikuwa limejichimbia, akalisukuma mara ya pili mpaka likang'oka. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua zote zilizoingia, ukagoma katikati. Akauwekea bega. Niliona jasho likimtoka shingoni, niliona anavyohema, nikanyanyuka kumsaidia, akatikisa kichwa. Nje nyayo za mama yake zilikuwa bado zinasikika uani. Akasukuma kwa uzito wake wote, mbao zikalia, na mlango ukafungwa nyuma ya mama yake, sisi wawili ndani.